"Huyo binti yuko majini?"

Ndivyo Mama Mdogo alivyoniuliza Jumapili, simu yangu ameishika kwa urefu wa mkono mzima, akitazama video ya binti ninayemhuisha kwenye kompyuta. "Baba, huyo binti yuko majini?" Nikacheka, nikamwambia hapana, anageuka tu, ndiyo ile gauni ya marinda niliyokuwa naihangaikia. Akatazama tena, akanirudishia simu. "Haya. Mimi naona maji." Akarudi kwenye cherehani yake.

Dada kajifungua Jumanne, kazi ya mteja imeondoka Alhamisi, na mimi bado nayawaza yale maji.

Kilichoniuma ni kwamba nilijibu kwa kiburi, halafu usiku nikaanza kurekebisha kimyakimya. Nikadhani kitambaa ni chepesi. Nikapandisha uzito wa kila kipeo, zile nukta zinazounda kitambaa, kutoka 0.3, ambao Blender, programu ninayohuishia, huipa pamba, hadi 1 kama jinzi, kisha 3. Gauni haikushuka upesi hata kidogo. Ilivutika tu kiunoni kama soksi iliyochoka. Ningekumbuka fizikia ya darasani: kizito na chepesi huanguka sawa, kinachotofautisha ni hewa. Ukiongeza uzito bila kuongeza ukakamavu wa mvutano, yaani kitambaa kinavyokataa kuvutika (15 kwa pamba, 40 kwa jinzi), umeshona mpira. Nikaupunguza ukinzani wa hewa nao, kutoka 1 hadi 0.2. Upindo ukachangamka kidogo.

Mimi naona maji. Napiga mswaki, nasikia maji.

Jumatano ndipo nilipobonyeza N nikasoma vipimo. Binti ana urefu wa mita 17! Alitoka programu nyingine akiwa mara 10 ya saizi yake, na kwa kuwa skeli ilisomeka 1, kana kwamba hajakuzwa, hakuna kilichonishtua. Kitu kikianguka mita 1 huchukua sekunde 0.45, kikianguka mita 10, sekunde 1.43. Kwa hiyo pindo lake lilishuka polepole zaidi ya mara 3 kuliko la mtu. Mama Mdogo aliona hilo kwa sekunde nne, kwenye kioo chenye ufa.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha kweli safari hii. Ningeweza kupandisha graviti mara 10, hadi 98.1, nikaenda kulala, lakini namba nyingine zote zingebaki zinadanganya. Nikamshusha hadi mita 1.7, yeye, mifupa na gauni pamoja, kisha Ctrl+A ili skeli isomeke 1 tena. Nyonga ikaanza kuruka mara 10, maana funguo za mwendo, yaani nafasi zilizorekodiwa, hazipungui na mwili. Mistari yake kwenye grafu ikabidi niizidishe kwa 0.1.

Halafu gauni ikaanza kutetemeka kama ina homa. Umbali wa kitambaa kujigonga chenyewe huanza na 0.015, yaani milimita 15. Kwenye jitu, vipeo vilikuwa vimeachana sentimita 10, hakuna aliyejua. Sasa vimeachana sentimita 1, na vipande vya rinda moja vinasukumana kabla hata havijakunjana. Nimeshusha hadi milimita 4. Unene wa nje wa ngozi, uliokuwa 0.02, nao nimeuweka milimita 4, hatua za hesabu kwa kila fremu (picha moja ya video) nimetoa 5 hadi 12, na kiunoni nimebana gauni kwa kiwango cha 1, yaani kabisa, kinachofifia hadi 0 ndani ya safu tatu za vipeo. Ukikata ghafla unapata mstari kama wa mkanda. Mgongano wa mwili lazima ukae chini ya mifupa kwenye orodha ya kazi ambazo Blender huufanyia mwili kwa zamu, la sivyo kitambaa kinagonga mwili uliosimama wakati binti kashageuka. Tena nimeanza fremu 40 kabla ya tukio, mikono ikishuka taratibu, marinda yapate pa kulala. Ukibadilisha chochote, futa kashe kwanza, yaani matokeo ya zamani yaliyohifadhiwa. Nusu saa nzima nilikuwa nalaumu namba mpya huku natazama gauni la jana.

Leo nimempelekea video mpya. Ameishika mbali vilevile. "Eeh. Huyu sasa kavaa."

Kisha akanipa sindano na uzi nimtungie. Alikuwa amejaribu muda mrefu, ncha ya uzi imelowa na kuchanua yote. Na miwani iko usoni.