Bwana mifugo mstaafu karudi kwenye pikipiki: siku moja ya Julai

Saa 11:15 alfajiri

Sina haja ya kutega alamu. Kibofu kinaniamsha chenyewe, na wanaume wenzangu wenye tezi dume iliyovimba hawahitaji maelezo zaidi. Nikiamka sisimami papo hapo. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zikiwa chini, navuta pumzi taratibu, ndipo nainuka. Tamsulosini ninayomeza baada ya chakula cha usiku inalegeza njia ya mkojo, lakini ukisimama ghafla inaweza kukushushia presha ukaona giza. Na sakafu ya saruji ya Kihesa, hapa Iringa mjini, mwezi wa Julai si mahali pa kujilaza.

Nina miaka 64. Nilikuwa bwana mifugo, nikastaafu nilipotimiza 60 kama sheria inavyotaka. Enzi zetu tulipewa Honda XL, zile ndefu za njia mbovu, na mimi nimezunguka nayo vijiji vya Iringa mvua na jua. Baadaye nikahamishiwa ofisini, pikipiki ikaenda kwa kijana, nami nikazoea kiti na mafaili hadi barua ya kustaafu ilipofika.

Wanangu wanadhani nimerudi kwenye pikipiki kwa tamaa ya ujana. Hapana. Nachanja kuku vijijini dhidi ya mdondo (kideri), na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa inameza karibu kila nilicholipwa. Hesabu ndiyo iliyonipandisha tena.

Saa 12:00 asubuhi

Chai ya tangawizi, kiazi kitamu, kidonge cha presha, amlodipini. Kipimo cha presha kiko mezani karibu na redio. Leo kimesoma 138 kwa 84, kwa hiyo safari ipo. Zipo asubuhi kinaposoma vibaya, na hizo nabaki nyumbani bila mjadala na mtu.

Mambo ya dawa niliyaweka wazi kwa daktari tangu mwanzo. Nilimwambia: mimi ni mtu wa barabarani, usinipe kitu bila kuniambia kinafanya nini nikiwa juu ya pikipiki. Ndipo tukaiacha dawa ya presha ya kukojoza niliyokuwa nameza asubuhi, maana ilinifanya nitafute kichaka kila kilomita chache, akaniwekea nyingine. Akanikataza Piriton nikiwa na mafua: inaleta usingizi, na kwa mwenye tezi dume inaweza kuziba mkojo kabisa. Diklofenaki nayo, ambayo wazee wenzangu wanainunua dukani wanaimeza kutwa kwa ajili ya magoti, inapandisha presha na kuipunguzia nguvu dawa yake. Nimebaki na parasetamo na mazoezi.

Mazoezi yenyewe ni ya kiti. Nanyoosha mguu mmoja mbele, naukaza msuli wa paja, nashikilia, nashusha. Kisha mwingine. Gegedu ya goti ikishasagika hairudi, lakini paja likiwa na nguvu linabeba sehemu ya mzigo. Mama watoto ananiangalia, anatikisa kichwa, anaendelea kufunga chapati zangu kwenye gazeti.

Saa 12:40 asubuhi

Kupanda. Hapa ndipo utajua mzee ni mzee.

Pikipiki yangu ni Boxer, ina stata, na kiki sijaigusa tangu niinunue. Goti la kulia halitaki habari hizo. Kwa hiyo betri naitunza kuliko simu. Asubuhi ya baridi navuta choki, naiacha ingurume mpaka mlio utulie, na muda huo nautumia kufuta miwani.

Nilipoinunua nilifunga sanduku la chanjo nyuma kwenye keria, kama wanavyofanya wote. Kumbe mguu wangu hauvuki tena juu ya sanduku. Nimelitoa, nimetengeneza mfuko wa turubai unaoning'inia pembeni, na ninapandia kwenye ngazi ya baraza ili nipate kimo. Pikipiki inakuwa imelala kwenye stendi ndogo, mkono umebana breki ya mbele, mguu wa kulia unapita juu ya kiti taratibu. Stendi kubwa nilishaisahau; ile inataka uinue chuma kwa kisigino na kiuno, na mimi sina vyote viwili.

Bado nasubiri. Jua la Julai huku linachomoza kama saa moja kasoro dakika kumi, na mimi giza nimeliacha. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho anayekua polepole: mchana naona vizuri tu, lakini usiku taa ya gari linalokuja inatawanyika ikajaa kioo kizima. Nishuke mlima gizani ati nawahi kuku? Hao kuku wataningoja.

Saa 1:10 asubuhi

Mjini kumepoa, nashuka mlima kwenda Ipogoro. Baridi inaingia hadi kwenye mifupa ya vidole. Nimevaa glavu za sufu ndani na za ngozi juu, na nimeweka mikono ya plastiki kwenye usukani kuzuia upepo, ile vijana wanayoitumia msimu wa mvua. Vidole vikikakamaa klachi inakuwa adui.

Chini Ipogoro ndipo ninapoingia barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo yanapita hapa usiku na mchana. Shingo yangu haigeuki yote. Kuna pingili zimekaza. Nimefunga saiti mira kubwa kuliko zilizokuja na pikipiki, na kabla ya kuingia nageuza mwili kuanzia kiunoni. Dereva akiniona anadhani namsalimia.

Lori linalokupita linakusukuma kwanza na upepo wake, kisha likishamaliza linakuvuta. Kijana anacheza nalo hilo. Mimi nalegeza mabega, naibana tangi kwa mapaja, napunguza mwendo, naliacha liende zake. Likiniganda nyuma nawasha indiketa, natoka pembeni, naliacha lipite. Watu wanaopita barabara hii siku zote wana haraka, mimi sina bosi.

Kitu kimoja nilikitafuta kwa makusudi nilipokubali kazi za upande wa Tanangozi: asubuhi naelekea kusini-magharibi, jua liko mgongoni. Jioni narudi mjini, jua liko ubavuni, si usoni. Mwenye mtoto wa jicho akipigwa na jua la usoni barabara inageuka maziwa. Nilikataa vijiji vya upande wa pili kwa sababu hiyo tu, na sikuwaeleza sana.

Saa 2:05 asubuhi

Nimeingia njia ya vumbi, nimefika. Na sasa niseme jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kuendesha hakuumi. Pikipiki ikishatembea goti limepumzika, mgongo umenyooka, upepo ni wa bure. Shida yote ya umri iko kwenye kusimama. Mwendo ukiisha, mzigo mzima unahamia kwenye mguu mmoja, na goti la mguu huo nalo si zima.

Kwa hiyo mahali pa kusimama napatafuta nikiwa bado mbali. Pawe tambarare. Pasiwe na korongo la maji upande wa kushoto, maana nikishusha mguu nikakuta hewa, tunalala wote wawili. Nisisimame uso ukiwa umeelekea mteremko au ukuta, kwa sababu kuirudisha nyuma kwa miguu siwezi. Naigeuza kabisa ielekee njia ya kutokea, ndipo nazima.

Na ardhi ya huku ni tifutifu, stendi ndogo inazama. Nimekata kipande cha ubao, ukubwa wa kiganja, nimekitoboa nikakifunga kamba. Nakidondosha chini, nakisogeza kwa kiatu, stendi inakalia hapo. Wakati wa kuondoka navuta kamba, ubao unapanda wenyewe. Sijainama. Kijana mmoja wa bodaboda aliuangalia, akacheka sana, na juzi nimeona naye anao.

"Kamwene," nasalimia kwa Kihehe, naitikiwa "kamwene", kisha mama mwenye nyumba hafichi: "Daktari, hawa kuku wanapiga kelele bandani tangu alfajiri."

Ana haki. Kuku wa kienyeji ukishawafungulia umewapoteza, na chanjo haina maana ukiwapata nusu. Lakini tulikubaliana: hawafunguliwi mpaka nifike, na mimi nafika kukiwa na mwanga.

Siwezi kuchuchumaa. Wananiletea kiti cha juu, si kigoda, na watoto wanakuwa watumishi: mmoja anakamata, mmoja anashika mabawa, mimi namlaza kuku upande, tone moja kwenye jicho, nasubiri apepese. Akipepesa, imeingia. Kifaranga na jogoo dozi ni ileile. Chanjo hii ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, lakini jua la moja kwa moja hapana. Iko kwenye kitambaa kibichi ndani ya kikapu. Miwani ya kusomea puani, mkono umeegemezwa kwenye goti lisitikisike. Kuku anaumwa? Huyo simchanji, namwambia mwenyewe amtenge. Tutarudi tena baada ya miezi mitatu.

Saa 4:40 asubuhi

Nyumba ya nne imekwisha. Chai, chapati, na choo cha mwenyekiti wa kitongoji, ambacho nimeshakipangia ratiba. Vyoo vya njia yangu yote navijua. Wenzangu wengine wanaacha kunywa maji ili wasisumbuke. Hilo siliungi mkono, kichwa kinauma na umakini unapotea.

Saa 6:15 mchana

Kwa fundi, Tanangozi. Klachi ilikuwa imeanza kuwa ngumu. Ametoa waya, ameupaka oili, ameurudisha. Sasa naibana kwa vidole viwili. Alishanipandishia usukani kidogo ili nisiinamie mbele, na springi za nyuma amezilegeza ngazi moja. Gia za hii ni za kukanyaga mbele na nyuma, kwa vidole na kwa kisigino. Mwanzoni mguu wangu ulikuwa bado unaikumbuka Honda, moja chini nyingine juu, ukawa unaninyanyulia mahali pasipo. Siku hizi umeelewa.

"Mzee, weka miziki," ananiambia.

"Mwanangu, nikiweka muziki lori nitalisikiaje?"

Sikio la kulia nalo limepungua. Sikumwambia.

Vijana wa kijiweni wananiita Babu Chanjo. Wanataka kunisukuma kila nikitaka kuondoka. Nawaacha wanisukume nikiwa nimechoka, sioni aibu. Ninachowakatalia ni kofia ngumu kuning'inia kwenye usukani. Kichwa cha mtu wa miaka 20 na changu vinapasuka sawa.

Saa 8:00 mchana

Nimekula ugali na mboga nusu ya nilivyozoea, nikalala kwenye mkeka chini ya mti. Usingizi wa baada ya chakula ukiupeleka barabarani utakudai hukohuko, kwa hiyo nausinzia kabisa, simu ikiwa kifuani. Nimeamka magoti yamekaza. Nikatembea mpaka kwenye kisima na kurudi ndipo yakakubali.

Saa 9:45 alasiri

Narudi. Nimeondoka mapema kwa sababu ikifika saa kumi na mbili na nusu jua limezama, na mimi napenda kuwa nyumbani na akiba ya mwanga. Mikono ilianza ganzi kabla sijafika Ipogoro. Nikasimama kwenye sehemu pana, nikaikunjua na kuikung'uta. Mlima wa kupanda mjini nilikuta foleni nyuma ya lori bovu. Kupanda mlima kwa kusimama na kuondoka ndiyo mtihani wenyewe: breki ya nyuma imeshika, mguu wa kushoto chini, gesi kidogo, klachi inaachiwa pole. Nikaona goti linaanza kuongea. Nikatoka pembeni, nikazima, nikala chungwa mpaka njia ikafunguka. Abiria wa daladala walinipungia mkono.

Saa 11:30 jioni

Nyumbani. Vifundo vya miguu vimevimba. Amlodipini huwa inafanya hivyo, na kutwa ya kukaa miguu ikining'inia inaongeza. Naiweka juu ya stuli. Mjukuu anaiosha pikipiki, anapaka cheni oili, na anataka kuiendesha mpaka getini. Hapana.

Binti yangu kapiga simu kutoka Dodoma kuuliza swali lake la kila wiki: lini naiuza. Nimempa masharti yangu, na leo nayaandika ili yawe na mashahidi. Siku mguu utakaposhindwa kuishika ikiwa imesimama, au daktari wa macho aseme basi, naiuza bila kungoja kikao cha ukoo. Amesema sawa, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Saa 2:20 usiku

Chakula, kisha tamsulosini. Kesho sipandi. Nina kliniki ya macho, na wakishakutia yale matone ya kupanua mboni unaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nakwenda kwa daladala na kurudi kwa daladala. Watanieleza kama jicho limefikia kufanyiwa upasuaji. Likiwa limefikia, nitaomba iwe kabla ya mvua za Novemba, nipone barabara ikiwa bado kavu.

Kuku wa kitongoji cha pili nimewahamishia keshokutwa. Mwenyekiti kanijibu kwa sauti WhatsApp: "Sawa mzee wangu, ila safari hii uje saa kumi na mbili kamili, kuku wanatuamsha kijiji kizima." Nimemrudishia: saa mbili, na kiti cha juu kiwepo.