Mpango wa Uchambuzi Uandikwe Kabla ya Hojaji Kugawiwa

Wanafunzi wanaoniletea mapendekezo yao ya utafiti wa saikolojia hapa Tanga huandika kurasa nyingi kuhusu nadharia na sampuli, kisha uchambuzi wa takwimu wakaumaliza kwa sentensi moja, kwamba data zitachambuliwa kwa SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu. Kwangu hili ni pengo kubwa kuliko mengine yote ya pendekezo, kwa kuwa programu haimwamulii mtafiti lolote.

Tuchukue mtafiti anayetaka kujua kama wanafunzi wa kidato cha nne wa Ngamiani na Chumbageni wanaolala saa chache huwa na hofu zaidi ya mtihani. Je, hofu hiyo itapimwa kwa jumla ya alama za hojaji nzima au kwa sehemu yake moja? Aliyeruka maswali kadhaa ataondolewa? Saa chache ni chini ya sita au chini ya saba? Umri na jinsia vitaingizwa katika hesabu? Kila swali lina majibu zaidi ya moja yanayokubalika, na anayengoja kwanza azione data anaweza, pengine bila kujitambua, kuchagua njia inayompa matokeo anayoyataka. Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha kwamba uhuru wa aina nne tu wa namna hii, ukitumiwa kwa pamoja, hupandisha uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo kutoka asilimia 5 hadi takriban 61.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba maamuzi hayo yaandikwe mapema, yawekwe tarehe na kusajiliwa, kwa mfano katika rejista ya OSF (Open Science Framework), tovuti ya kusajili mipango ya utafiti, ambayo haitozi ada.

Wapo wanaohofia kwamba mpango utamfunga mtafiti mikono, na hofu hiyo naielewa, ila haina msingi. Data zikionyesha jambo lisilotarajiwa, mtafiti anaweza kuliripoti, mradi aliweke chini ya kichwa chake na kusema wazi kwamba halikupangwa. Hata ikihofiwa kwamba alama hazitatawanyika kwa namna kipimo cha takwimu kinavyotaka, kipimo mbadala kinaweza kutajwa humo humo.

Kabla ya kuidhinisha mpango wowote, humwomba mwanafunzi ampe mwenzake asiyehusika na utafiti mpango huo, pamoja na data za kubuni, azichambue kwa kuufuata neno kwa neno. Akilazimika kurudi kuuliza, mpango unaandikwa upya.