Kidumu cha petroli ndani ya pikapu

Mdogo wangu juzi kaniuliza hivi kazi yako hasa ni nini, nikamwambia tunachoronga udongo kwenye sheli za zamani kuangalia kama tanki lilivuja, akacheka, kumbe mnalipwa kunusa! Sasa kunusa kwa pua ndo kitu cha kwanza unakatazwa, kwenye petroli kuna benzini na benzini inaleta saratani ya damu, tuna kimashine cha kunusa kwa niaba yetu.

Basi ngoja niwape kisa cha sheli moja iliyofungwa miaka mingi, tajiri anauza kiwanja, mnunuzi kagoma mpaka udongo upimwe. Tukapanga mashimo matano, manne kuzunguka matanki na pampu, la tano mbali kule upande maji ya chini yanakotokea, hilo ni la kulinganishia kwahiyo linatakiwa litoke safi. Mita moja na nusu ya kwanza hatugusi na rigi, yaani mashine ya kuchoronga, tunachimba kwa mkono na vijana wananuna kweli maana jua la saa sita si mchezo, ila chini pale kuna mabomba, kuna nyaya za umeme, na ramani ya tajiri sijawahi kuona hata moja inayosema ukweli.

Baada ya hapo linashuka bomba la chuma linalofunguka katikati kama ganda la karanga. Linagongwa na nyundo ya kilo 63.5 inayodondoka kutoka sentimita 76, unahesabu mapigo, unalitoa unalilaza mezani unalifungua. Shimo la pili tulianza na mchanga mwekundu mzuri tu, kufika mita ya nne udongo ukageuka rangi ya jivu yenye ukijani hivi, kimashine kikaanza kupiga kelele. Hapo huna muda wa kupiga picha wala kujibu simu, petroli inakimbia hewani wakati unaiangalia! Unachukua bomba la sindano lililokatwa ncha, unalichomeka kwenye udongo ambao haujaguswa, unatoa kama gramu 5, unazisukumia kwenye kichupa chenye methanoli, hii ni spiriti inayoishika petroli isikimbie, unafunga, ndani ya barafu. Udongo uliobaki ndo unatia kwenye mfuko wa plastiki, unafunga, unasubiri kama dakika kumi halafu unaingiza mdomo wa kimashine.

Na usije ukachanganya sampo za petroli kwenye ndoo eti upate wastani, ukikoroga tu umeshapoteza ulichokuja kukitafuta. Kuchanganya ni kwa vitu kama risasi, ile metali ya kwenye betri siyo ya bunduki. Pale Owino Uhuru Mombasa, kile kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilichomfanya Phyllis Omido apiganie mtaa mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, risasi ilikuja kama vumbi na moshi, na risasi ikitua huwa inang'ang'ania juu juu, sasa ukienda na rigi ushuke mita sita utakuwa umepita tatizo lenyewe, unachota zile sentimita mbili tatu za juu ambazo watoto wanachezea, sehemu nyingi, unachanganya, haina shida.

Turudi kwetu. Mita ya saba tukakuta mfinyanzi mzito, nikasema stop. Fundi wa rigi akaanza, "bosi tumalizie hata mbili tu," namuelewa kwasababu analipwa kwa mita, lakini mfinyanzi ule ndo unaozuia uchafu usishuke kwenye maji ya chini, ukiutoboa umeijengea petroli ngazi. Tukajaza bentonaiti mpaka juu, ule udongo unaovimba ukilowa ukaziba shimo, vyuma vikaoshwa sabuni na maji mara mbili, tukahamia shimo lingine.

Majibu ya maabara yakaja nikachoka. Shimo la tano, lile safi, lina toluini, kemikali ya kwenye petroli! Nikahisi vyuma havikuoshwa vizuri, nikawasema vijana (nawaomba radhi mpaka leo). Halafu nikaangalia chupa ya msafiri, hii ni chupa ya maji safi inayotoka maabara imefungwa, inazunguka na nyie site nzima bila kufunguliwa halafu inarudi. Nayo ina toluini. Maana yake mashimo hayakuwa na kosa wala vijana, kosa lilikuwa kwenye gari. Kidumu cha petroli ya jenereta kilikaa siku nzima nyuma ya pikapu kimegusana na deli la sampo, kifuniko kimelegea, mvuke ukapenya taratibu mpaka kwenye vizibo. Na aliyekiweka pale ni mimi mwenyewe.

Tukarudia shimo la tano na tajiri hakuongeza hata mia. Likatoka safi. Siku hizi kidumu cha jenereta kinakuja site na bodaboda yake peke yake, na nauli naitoa mimi.