Haya, lete hizo karatasi

Toka Jumanne sauti ya Mzee, mwandishi wa kitabu ninachotaka kukitengenezea filamu, haijanitoka kichwani. Msimu wa pili wa kipindi chetu cha TV tumemaliza kuhariri, kituo kimepokea vipindi vyote na mkataba wa msimu wa tatu umesainiwa, watu wananipongeza, ila mimi niko na ile simu tu.

Nilimpigia kuhusu kitabu chake. Mnajua ule mkataba wa kushikilia haki za hadithi, miezi 18, unamlipa mwandishi kiasi kidogo, mara nyingi kama asilimia 10 ya bei kamili, ili asimuuzie mtu mwingine wakati wewe unahangaika kutafuta hela ya filamu yenyewe, na muda ukiisha hujanunua, haki zinarudi kwake na ulicholipa ndo kimeenda. Wetu unaisha mwezi ujao. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, nikamwambia Mzee naomba tuongeze muda. Akauliza, "Miezi mingapi?" Nikamwambia kama ile ya mwanzo. Akanyamaza, nasikia redio yake tu kwa nyuma, halafu akasema, "Mwanangu, kwa umri huu nilio nao?" Sijapata hata la kujibu akamalizia, "Haya, lete hizo karatasi."

Amekubali kwa moyo au amechoka tu? Nimeisikiliza kichwani kila namna, naoga naisikia, naendesha naisikia.

Na ningemwelezaje? Mwenye hela anataka kwanza ajue staa ni nani, staa anataka tarehe, tarehe siwezi kuitoa bila hela. Kampuni ya bima nayo haitoi bima ya madai ya haki, ile ya kukulinda ukishtakiwa kuhusu haki za hadithi, mpaka ione karatasi zote toka kwa mwandishi hadi kwangu, na bila hiyo bima msambazaji hapokei filamu. Yani kila kitu kimesimama juu ya sahihi ya huyu mzee, halafu yeye anachokiona ni mimi nakuja na karatasi nyingine. Prodyuza wa kujitegemea hana studio inayomlipa mshahara mradi ukiwa unasubiri, malipo yangu yako ndani ya bajeti ya filamu ambayo haijapata hela, na bajeti ikibana ya kwangu ndo yanakatwa kwanza. Tuzo ya Oscar ya filamu bora wanapewa maprodyuza, watu wanaiona hiyo jukwaani, hii miaka ya simu hawaioni.

Jana usiku nikakifungua tena kitabu, sura ya mazishi, ile dairekta aliyotaka tuitoe. Nimesoma mpaka saa nane, na nilipomaliza unyonge wote umeisha, nimebaki na hasira nzuri, ile ya kutaka kufanya kazi. Hii filamu naitengeneza. Naomba miezi 12 tu, sio 18, na malipo ya kuongeza muda hayakatwi kwenye bei ya kitabu, ni ya Mzee juu ya yote. Karatasi sitatuma kwa barua pepe, naenda mwenyewe nikae naye nimsomee hiyo sura ilivyo kwenye skripti. Dada anasema naweka moyo sana kwenye biashara. Nauweka ndio, hadithi ya mtu sio mzigo wa mbao.

Sasa kuna hili la mwanangu mdogo. Ijumaa karudi toka shule hana daftari la hesabu, nikimuuliza liko wapi anaangalia chini, na leo kasema tumbo linamuuma kabla hata hajaamka vizuri. Kesho nampeleka mwenyewe niongee na mwalimu wake.