Siku Bi Mkubwa Alipodondoka Uso

Wazo la ubani lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi, kila kisa hiki kilipohadithiwa barazani, mjomba ndiye aliyebebeshwa lawama, naye hunyamaza tu akinitazama kwa pembe ya jicho.

Ilikuwa Januari 1995, wakati wa kaskazi, joto la Mombasa likiwa lile la kuoga na kutoka jasho kabla hujajifuta. Mjomba alikuwa fundi bati karibu na Mwembe Tayari. Akitengeneza vibatari, madele ya kahawa, masanduku ya wanafunzi wa bweni. Mimi nilikuwa na miaka 19, shule nimemaliza, matokeo yangu si ya kuringia, nikawa namsaidia kukata na kulehemu. Siku moja akaja jamaa na kaseti ya video kwapani. Yeye na wenzake walikuwa wakirekodi kipindi cha watoto cha televisheni, na katika kipindi hicho kulikuwa na treni inayosema.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya Thomas, ile treni ya Waingereza yenye uso, iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 1984. Tuliitazama kwa jirani mara tatu. Mimi nilifuata hadithi. Mjomba alikodolea macho ya treni. "Yale yazunguka," akasema. "Mna kitu mle." Na kweli mlikuwa na kitu: mafundi wa kule waliyaendesha macho kwa rimoti, na kila injini ilikuwa na nyuso kadhaa za kubadilisha, wa kucheka, wa kununa, wa kushtuka. Sisi tulikuwa na mikebe ya Kimbo, yale mafuta ya kupikia, na wiki tatu.

Mshauri wetu alikuwa mzee mmoja aliyezoea kuja kunywa kahawa pale kibandani. Alikuwa faiaman wa reli, mchochea moto wa injini, enzi za mvuke, kwenye zile injini kubwa ziitwazo Garratt, za daraja la 59. Aliposikia twataka kuunda treni aliweka kikombe chini. Garratt hizo zilikuwa 34, zimetengenezwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mzee aliwahi kutuhesabia majina hayo kama mtu anayevuta tasbihi. Injini kubwa kuliko hizo za mvuke haijapata kupita juu ya reli za upana wa mita moja, popote duniani, na yeye alitaka Garratt, si kitu kingine.

Hesabu ikamkatalia. Reli zetu tulizitengeneza kwa vyuma vya pazia, tukazipigilia juu ya mataruma ya mbao, upana wa sentimita 10. Mita moja imekuwa sentimita 10, basi kila kitu kigawe kwa kumi. Garratt ya kweli yapita mita 30. Yetu ingepita mita 3, na meza nzima ya kuwekea reli ilikuwa mita 4. Ingetoka stesheni na kufika stesheni bila kusogea. Mzee alikubali kwa shingo upande tutengeneze injini ndogo ya kupanga mabehewa, ila akaweka sharti la rangi. Dairekta wa kipindi alitaka buluu kama ya kwenye kaseti. Mzee akasema injini za hapa zilikuwa damu ya mzee, na akitokea mtu kuipaka buluu yeye hatokanyaga tena pale. Tukapaka damu ya mzee. Rangi yenyewe ilikuwa chache, ikatosha upande mmoja tu, ule utakaotazama kamera. Upande wa pili mikebe ilibaki na maandishi yake: KIMBO, KIMBO, KIMBO, kutoka tumbo hadi mkia.

Uso ulikuwa kifuu cha nazi. Nilikisugua kwa msasa mpaka kikawa laini kama shavu, nikakichonga mdomo, nikatia gololi mbili za macho zinazovutwa kwa uzi. Ndipo akaitwa Bi Mkubwa, kwa sababu alifanana, Mungu anisamehe, na jirani yetu mmoja alipokuwa anataka kukutuma dukani.

Aliyemwendesha ni mimi. Nililala chini ya meza nikivuta mshipi wa kuvulia samaki, uliopita kwenye tundu na kufungwa mbele ya injini. Mzee alinipa mwendo. Treni ya kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kwa sekunde, kwa hivyo yetu ikate mita 1. Ukizidisha, alisema, yageuka mdoli, na hata mtoto wa miaka minne ataona. Lakini mita 1 kwa sekunde juu ya meza ya mita 4 ni sekunde nne, na treni imekwisha kupita. Dairekta alishika kichwa. Mwisho ikakubaliwa kwamba Bi Mkubwa kila wakati ndiyo kwanza anaingia stesheni, polepole, amechoka.

Kilichobaki ni moshi. Wenzetu wa Uingereza walikuwa na mashine za moshi. Mimi nilikuwa na mama anayefukiza nguo kila Alhamisi jioni. Nilikata kifuniko kidogo cha mkebe, nikatia makaa mawili na chembe za ubani, nikakitelezesha ndani ya kifua cha injini chini ya bomba. Jioni ile tulipojaribu, moshi ulipanda mweupe, mzito, ukajipinda kidogo kwenye mdomo wa bomba kama unafikiri uende wapi. Kibanda kizima kilinukia arusi. Mjomba akauliza jambo moja tu: "Pale mbele umekunja au umelehemu?"

Nikamwambia nimekunja.

Sikuwa nimekunja. Mjomba kila mshono wake aliukunja, midomo miwili ya bati ikaumana, kisha ndipo akapitisha risasi ya kulehemia juu ya kuziba nafasi. Mimi nilikuwa nimechelewa, na duara la mbele linaloshika uso nililibandika kwa risasi peke yake. Lilipendeza. Lilimetameta kama pete.

Tulirekodi katika ghala moja la kukodi Shimanzi, bati juu, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie. Walikuwepo watoto wanne wa kukaa mbele ya meza na kuzungumza na treni. Jambo nililosahau kulipigia hesabu ni kwamba televisheni ni kazi ya kungoja. Taa ihamishwe. Mtoto apelekwe msalani. Lori lipite nje lianze upya. Kibandani yale makaa yalikaa dakika tano. Pale Shimanzi yalikaa nusu saa, na kila moshi ulipofifia nilitoka chini ya meza na kuyapepea kwa kipepeo.

Risasi ya kulehemia haihitaji hata digrii 200 kuyeyuka. Kaa la moto ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Hilo kila fundi bati alijua bila kipimajoto: birika halifunguki jikoni kwa sababu lina maji, likikauka tu waokota mdomo wake majivuni. Bi Mkubwa hakuwa na maji.

Nikiwa chini ya meza nilisikia dairekta akisema "haya", nikaanza kuvuta. Nikasikia mtoto wa kike akisema maneno yake, "Karibu Bi Mkubwa, umetuletea nini?" Kisha nikasikia mlio mdogo, tss, kama tone la maji kwenye kikaango. Halafu koo. Kifuu kilianguka kwenye reli, kikabingirika, kikapita ukingo wa meza na kuja kutua karibu na pua yangu, gololi zote mbili zikitazama juu. Duara la bati likafuata.

Kimya. Kisha yule yule mtoto, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Amezirai."

Sitayaandika aliyoyasema dairekta. Pesa yetu tulipewa nusu, na kipindi chenyewe hakikufika mbali. Kanda zake, nilivyosikia baadaye, zilirekodiwa juu mambo mengine. Mjomba aliokota lile duara, akalipitisha kidole ukingoni, akakuta laini pande zote, hamna mkunjo hata mmoja. Hakusema neno.

Aliyesema ni mzee. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, nami nilidhani amenuna. Akaniita. "Mwanangu, hapo ndipo umepatia." Nilidhani ananikejeli. Akaniambia kwamba injini ya mvuke ya kweli, pale juu ya chumba cha moto ambapo maji hupaswa kufunika bati siku zote, hufungwa plagi ya shaba iliyojazwa risasi katikati. Maji yakiwapo juu yake, risasi haiyeyuki. Dereva na faiaman wakizembea maji yakashuka, risasi huyeyuka, mvuke hupenya kwa kishindo ndani ya moto, na kila mtu hujua injini yakaribia kuungua. Imewekwa makusudi iharibike mwanzo, kabla ya kitu kikubwa. "Mimi miaka yote sijayeyusha plagi," akasema, na mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona anacheka mpaka meno ya nyuma. "Wewe siku ya kwanza!"

Nilimchukua Bi Mkubwa nyumbani jinsi alivyo, kifua wazi. Chumvi ya hewa yetu haina huruma na bati, hivyo kila mwezi nilimpangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na ndani ya sanduku lake nikaweka makaa makavu ya kunywa unyevu. Mafuta ya nazi usijaribu, yanachacha na kuita mende. Uso nilimfunga pembeni kwa kamba. Chini ya kifua risasi ilikuwa imeganda matone manne, nami nilikataa mtu yeyote asiyaguse. Mjomba alikuwa akiniomba kila Idi: "Niletee kile kitu nikitengeneze, chanitia aibu." Nikamwambia hicho kimeharibika vizuri, kiache.

Mwaka 2003 nilipata kazi Lamu, nikakaa huko miezi minane. Niliporudi mjomba alikuwa hajiwezi, na kabla mwezi haujaisha tukamzika.

Sanduku sikulifungua hadi baada ya arobaini. Uso ulikuwa mahali pake. Duara la mbele lilikuwa limekunjwa, midomo imeumana mzunguko mzima, mikunjo midogo ya kulingana ambayo mikono yangu haijawahi kuiweza, na risasi juu yake nyembamba kama uzi. Nilikasirika wiki nzima. Mke wangu alidhani ni msiba.

Siku hizi watoto wa ndugu zangu, waliopanda treni ya reli mpya ya Miritini tangu ilipoanza 2017 na hawajui moshi wa injini ni kitu gani, hunusa lile bomba na kusema lanukia kama bibi. Kisha humgeuza na kusoma KIMBO kwa sauti. Mimi huwapa tochi waangalie ndani ya kifua. Yale matone manne mjomba aliyaacha palepale.