Kumfuata Mohamed Husen hadi Sachsenhausen

Safari yangu niliianzia Brunnenstraße namba 193, katikati ya Berlin, ambapo tangu 2007 kimepachikwa njiani kijiwe cha shaba kisichozidi ukubwa wa kiganja, chenye jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Nilichuchumaa nikakipangusa vumbi kwa leso, kisha nikaenda kupanda treni ya Oranienburg, mji ulio kilomita 35 hivi kaskazini, ilikokuwa Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi.

Njia nzima nilimuwaza. Aliingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto, pamoja na baba yake, askari mwenye asili ya Sudan. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa, akanyimwa. Alibaki huko, akawa mhudumu wa mikahawa, akaigiza katika filamu, na chuo kikuu akawafundisha Wajerumani Kiswahili, lugha hii hii ninayoiandika sasa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa kambini Sachsenhausen bila kuhukumiwa.

Kutoka kituoni nilitembea kwa miguu, nikipita nyumba za watu zilizo karibu kabisa na ukuta wa kambi. Ndani ya lango kuna uwanja wa nusu duara walikohesabiwa wafungwa. Kilichonishika zaidi ni njia iliyouzunguka: kipande cha saruji, kipande cha kokoto, kipande cha mchanga. Hapo wafungwa walitembezwa hadi kilomita 40 kwa siku, wakiwa na njaa, ili ijulikane soli ipi inadumu. Niliikanyaga ile kokoto hatua chache tu, nami nikiwa nimeshiba na viatu vyangu vizima, nikaisikia ikinichoma nyayo. Nikaona haya kuendelea.

Kati ya 1936 na 1945 watu wapatao 200,000 walifungwa hapa. Kambi ilipokombolewa tarehe 22 Aprili 1945, walikutwa wagonjwa 3,000 hivi, kwa kuwa wengine zaidi ya 30,000 walikuwa wameshaswagwa barabarani. Husen hakuiona siku hiyo. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944, ikibaki miezi mitano.

Nilimsomea Fatiha pembeni mwa ile njia, kisha nikamwamkia: shikamoo, mzee wetu. Alikufa akiwa na miaka 40.