Dramu ya Chifu

Shangazi alikwenda Mombasa kumwangalia binti yake aliyejifungua, akaniachia nyumba ya Buruburu, funguo tatu na Chifu. Chifu ni kobe, mkubwa kama sufuria ya ugali wa watu kumi, gamba lina madoa kama ya chui. Kibali chake cha KWS, shirika la wanyamapori, kilikuwa ukutani sebuleni, kimetiwa fremu, kando ya picha ya harusi. Hati ya nyumba yenyewe sijawahi kuiona.

Ilikuwa Februari 2017. Maji yalikuwa yamepungua vibaya katika bwawa la Ndakaini, Nairobi iko kwenye mgao, na bomba letu lilitoa hewa siku nyingi kuliko maji. Mtungi wa lita 20 wa mkokoteni niliununua shilingi 50, tena kwa kubembeleza. Kwa hiyo nilipokikuta kibakuli cha Chifu jioni hakijaguswa, nilishukuru Mungu. Mnyama wa nyikani, maji ya nini? Kwamba ukingo wa kibakuli ulikuwa juu, mdomo wake haufiki, wala sikuwaza.

Watoto wa majirani walikuja kila jioni kupiga picha. Namnyanyua, wanacheka, yeye anaficha kichwa na kunikojolea viatu. Tulidhani ni hasira.

Wiki ya pili mkojo ukaanza kutoka na kitu cheupe. Nikakisugua kwa kidole (ndiyo, kwa kidole): kilikwaruza kama chaki yenye mchanga. Macho yalikuwa yameingia ndani. Sukuma wiki niliyomtupia asubuhi ilinyauka palepale. Nikampigia Shangazi.

"Unamnyanyua?"

"Kidogo tu, Shangazi, watoto wanapenda..."

"Kidogo tu! Mwanangu, kobe huweka maji ya akiba kwenye kibofu. Ukimtisha, anayamwaga. Wewe ungependa mtu aje kila jioni kukupindulia dramu?"

Nikazitazama dramu zangu mbili za bluu pale jikoni, nikanyamaza.

Akaniagiza: karai la kufulia, maji vuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 20 kila siku, mpaka ule weupe ulainike kama dawa ya meno. Sukuma niache, nimpe nyasi na mpungate wa pale uani, vikiwa vimeloweshwa.

Nilipasha lita 10 huku roho ikiniuma. Chifu akasimama karaini kama abiria aliyesukumwa kwenye matatu isiyo yake. Dakika tano, kimya. Kisha akanyoosha shingo, akazamisha uso hadi puani, na ngozi ya koo ikaanza kupanda na kushuka, polepole, bila kupumzika. Nilichuchumaa pale hadi miguu ikafa ganzi, bado anakunywa. Alipotosheka akajisaidia humohumo. Maji yale yalikwenda chooni, maana mgao ni mgao.

Jioni watoto wakafika na simu zao.

"Leo hanyanyuliwi," nikawaambia.

"Kwani anaumwa?"

"Dramu yake haijajaa."

Wakatazamana. Kisha mmoja akalala kifudifudi kwenye nyasi, akampiga picha akiwa hukohuko chini.